Mkono mzima, mkono wa plasta: namna ya kupitia tafiti za neva na misuli mpaka zifae wodini

Msimu wa karafuu ukipamba moto Pemba, wodi nazo hupata wageni wake. Tawi limemkatikia mchumaji, kajikinga kwa kiganja, na mfupa wa rediasi umevunjika karibu na kifundo cha mkono. Anatoka hospitali ya Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani na plasta ya wiki 6 hivi. Siku ya kufunguliwa mkono umekonda, na kukamata kikombe cha chai ni kazi. Mtaalamu wa fiziotherapia anayesoma majarida atakuwa ameshakutana na dai hili: uzoeze mkono mzima, na ule uliofungwa hautapungukiwa sana na nguvu.

Mwongozo huu unalichukua dai hilo moja na kulipitisha katika hatua zote za mapitio ya tafiti, tangu swali mpaka sentensi ya kuandika kwenye utaratibu wa wodi. Ukitaka kupitia tafiti za uchovu wa misuli kwenye joto la Kaskazi, au mazoezi ya wachezaji wanaofunga Ramadhani, njia ni hii hii. Tumechagua la plasta kwa kuwa namba zake zinafundisha, na kwa kuwa wenye shida hiyo tunao.

Fiziolojia kwanza, japo kidogo

Asiyejua kinachotokea mwilini atadanganywa na namba. Nguvu ya msuli hutoka pahala pawili. Pa kwanza ni ukubwa wa msuli wenyewe. Pa pili ni amri: niuroni ngapi za mwendo kwenye uti wa mgongo zimeitwa kazini, na kila moja inapiga mara ngapi kwa sekunde. Niuroni moja na nyuzi zote za msuli inazoziamrisha ndiyo kitengo cha mwendo. Tangu kazi ya Henneman na wenzake ya 1965 inafahamika kwamba vitengo vidogo huitwa mwanzo na vikubwa hufuata kadiri mzigo unavyozidi.

Katika wiki za mwanzo za mazoezi nguvu hupanda upesi kuliko msuli unavyonenepa, maana kinachobadilika mbele ni amri. Mwaka 2019 Del Vecchio na wenzake walivifuatilia vitengo vya msuli wa mbele wa muundi kabla na baada ya wiki 4 za mazoezi. Wakakuta vinaitwa mapema zaidi na vinapiga kwa kasi zaidi. Na kwa kuwa amri inatoka kwenye ubongo, ambao pande zake mbili zinazungumza, zoezi la mkono mmoja huacha athari kwenye mwengine. Hilo limeandikwa tangu 1894, pale Yale, Marekani: mkono uliozoezwa ulipanda kwa asilimia 70, na ule uliokaa tu ukapanda kwa asilimia 43. Ukisikia namba hiyo usishangilie, mpimwaji alikuwa mtu mmoja.

Mkono usiozoezwa kwa kawaida haunenepi. Faida yake ni ya amri. Kwa hiyo mtu mwenye plasta, ambaye anapoteza amri na nyama ya msuli kwa pamoja, tusimtarajie apate sawasawa na mtu mzima wa afya. Weka hilo kichwani, utalihitaji mbele.

Swali liwe na vipande vitano

Andika kwenye karatasi kabla hujafungua kompyuta: nani, anafanyiwa nini, analinganishwa na nani, unapima nini, na lini. Watu wengi hukumbuka vinne vya mwanzo na kusahau "lini". Kwenye mada hii hicho ndicho kitakachoamua kesi.

Kwa mfano wetu: mtu mzima aliyevunjika kifundo cha mkono mmoja na kufungwa plasta, anazoeza mkono mzima juu ya matibabu ya kawaida, analinganishwa na aliyepata matibabu ya kawaida peke yake, kinachopimwa ni nguvu ya kukamata ya mkono uliovunjika, kwa kilo, pamoja na kazi anazoweza kuzifanya, kwenye wiki ya 8 hadi 12 na tena kwenye mwezi wa 6.

Swali pana kama "mazoezi husaidia waliovunjika?" litakuletea maelfu ya makala na hutamaliza kabla ya karafuu za mwakani.

Hapo hapo andika pia ni makala gani utazikataa. Ukiamua baada ya kusoma matokeo, mkono wako utavuta upande unaoupenda bila wewe kujijua. Ikiwa unafanya mapitio ya kuchapishwa, mpango huo usajili mapema PROSPERO, daftari la mtandaoni la mipango ya mapitio. Ikiwa ni ya matumizi ya ndani ya wodi, tarehe na sahihi chini ya karatasi vinatosha.

Kutafuta

Majarida ya fani hii karibu yote ni ya Kiingereza, basi maneno ya kutafutia hayaepukiki kuwa ya Kiingereza. Shida ni kwamba jambo moja lina majina mengi. Uhamisho huu wa nguvu huitwa "cross-education", lakini wengine huandika "cross education" bila kistari, "cross-transfer", "interlimb transfer" au "contralateral effect". Ukitafuta jina moja tu, utakosa sehemu ya kazi na hutajua kwamba umeikosa.

PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, ni bure. Fungua sehemu ya utafutaji wa kina na ufanye mistari mitatu kando kando, kisha uiunganishe kwa kutumia historia ya utafutaji:

Mstari wa 1: majina yote ya jambo, yakiunganishwa kwa OR, kila jina la maneno mawili likiwa ndani ya alama za kunukuu.
Mstari wa 2: strength OR "resistance training" OR handgrip OR torque.
Mstari wa 3: fracture OR immobili* OR cast OR splint.

Kisha andika #1 AND #2 AND #3. Ile nyota kwenye immobili* hushika tahajia ya Marekani na ya Uingereza kwa pamoja. Ila ujue nyota ina gharama yake: PubMed hukoma kukutafutia visawe vya neno hilo yenyewe, ndiyo maana unaviandika mwenyewe. Na ukitumia "cross-education" bila mstari wa 2, utaletewa makala za ualimu na mafunzo ya wauguzi, maana neno "education" halijui kwamba wewe unazungumzia misuli.

Baada ya PubMed nenda PEDro, hazina ya bure ya tafiti za fiziotherapia kutoka Australia, kisha maktaba ya Cochrane, yenye mapitio na majaribio ya tiba. Google Scholar iache mwisho, uitumie kwa kazi moja inayoiweza kuliko wengine: chukua makala yako bora na uangalie ni nani walioitaja baadaye. Hivyo ndivyo unavyopata kazi za mwaka huu. Za zamani zipate kwa kupekua orodha ya marejeo ya makala hiyo hiyo.

Makala imefungwa kwa malipo? Usilipe haraka. Tanzania imo kwenye nchi zinazopata majarida kupitia Hinari ya Shirika la Afya Duniani bila ada, ila kuingia ni kwa jina la taasisi. Uliza maktaba ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au idara ya mafunzo ya hospitali yako kama wamesajiliwa. Ikishindikana, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake ipo kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, na wengi hutuma bila maneno mengi.

Kabla ya kusonga mbele, rekodi tarehe ya utafutaji, mistari yote kama ulivyoiandika, na idadi iliyotoka kila hazina. Hili linachosha na watu huliacha, halafu mwezi wa pili mtu anauliza "ulitafuta vipi?" na jibu halipo. Marejeo yaweke kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ambayo ni bure na inafanya kazi hata intaneti ikikatika.

Kuchuja

Wachujaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, kwa kusoma vichwa na muhtasari. Mkihitilafiana juu ya makala, isomeni nzima pamoja. Mmoja peke yake atapitiwa, hasa kwenye makala ya mia na kitu, saa tisa ya jioni.

Katika mada za neva na misuli kuna mitego mitatu ya kuchuja. Wa kwanza ni kundi la utafiti kuchapisha watu wale wale kwenye makala mbili, moja ya nguvu na nyengine ya EMG, yaani kipimo cha umeme wa msuli. Angalia majina ya waandishi, idadi ya watu na nambari ya kibali cha maadili, kisha uzihesabu kama utafiti mmoja. Wa pili ni makala isiyopitiwa na wataalamu wengine, iliyowekwa kwenye tovuti kama medRxiv au SportRxiv: isome, lakini iandikwe hivyo wazi. Wa tatu ni makala iliyofutwa. PubMed huweka tangazo juu yake, ila nakala ya PDF uliyotumiwa kwa WhatsApp haina tangazo lolote. Rudi kwenye ukurasa wa asili kila mara.

Soma njia kabla ya matokeo

Muhtasari ni duka la mbele. Mali iko stoo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya njia na uulize haya.

Kulikuwa na kundi linganishi lililopimwa mara zile zile bila kuzoezwa? Kwenye tafiti za uhamisho wa nguvu hili ndilo swali kubwa. Mtu akipimwa mara mbili kwa dainamomita, kifaa cha kupima nguvu ya msuli, mara ya pili hufanya vizuri zaidi kwa kuwa ameshajua kifaa. Tuseme kundi la mazoezi limepanda asilimia 8 upande usiozoezwa, na kundi linganishi limepanda asilimia 3 kwa kuzoea kipimo tu. Faida halisi ni 5. Mwandishi akikuandikia 8, hajasema uongo, ila amekuuzia na mfuko.

Watu waligawiwa kwa kura, na aliyeandikisha wagonjwa hakuweza kujua kura inayofuata? Aliyepima nguvu alijua nani yuko kundi gani? Upimaji wa nguvu ni kazi ya kupiga kelele: "vuta, vuta, vuta!" Mpimaji anayejua kundi hupiga kelele zaidi kwa watu wake, hata akiwa mwaminifu. Mgonjwa na mwalimu wa mazoezi hawawezi kufichwa, hilo halina tiba. Ndiyo maana kwenye kipimo cha PEDro, chenye alama 10, jaribio la mazoezi lililofanywa vizuri kabisa hukwama kwenye 8. Ukiliona na 7, usilidharau kwa kulilinganisha na jaribio la vidonge.

Mkono wa pili ulikaa kweli? Mtu akikaza mkono wa kulia kwa nguvu zote, wa kushoto nao hujikunja bila ridhaa. Utafiti mzuri huweka EMG upande wa pili wakati wa zoezi na kutoa kiwango chake. Kwa aliye ndani ya plasta hilo ni gumu, basi tarajia maelezo mengine ya namna walivyohakikisha.

Tuzungumze EMG kidogo, kwani ndiyo inayosomwa vibaya kuliko vyote. Elektrodi za juu ya ngozi husikiliza umeme wa msuli kupitia mafuta na jasho. Mapendekezo ya SENIAM, mradi wa Ulaya wa kusawazisha EMG ya juu ya ngozi, ni elektrodi mbili zilizoachana milimita 20 kutoka kitovu hadi kitovu, zikifuata mwelekeo wa nyuzi. Ikiwa makala haisemi umbali, haisemi ngozi ilisafishwaje, na haisemi namba imelinganishwa na nini, basi kuilinganisha ya Jumatatu na ya wiki ya nne ni kama kupima samaki kwa mizani mbili tofauti. Kipimo lazima kiwe asilimia ya kitu fulani: nguvu ya juu kabisa ya hiari, au umeme wa juu kabisa unaopatikana kwa kuchokoa neva yenyewe. Na hata kikifanywa sawa, EMG kubwa haina maana kwamba vitengo vingi zaidi vimeitwa. Mawimbi ya vitengo hufutana yanapokutana, na msuli wa jirani huingiza sauti yake. Mwandishi akiruka kutoka "EMG ilipanda" kwenda "vitengo vingi zaidi viliitwa" bila kuvitenganisha kimoja kimoja, weka alama nyekundu pembezoni.

Swali la mwisho la njia: unaweza kulirudia zoezi lao Jumatatu asubuhi? Seti ngapi, marudio mangapi, mzigo asilimia ngapi ya nguvu ya juu, mapumziko ya muda gani, mara ngapi kwa wiki, nani alisimamia, na wangapi walifanya kweli nyumbani. Orodha ya TIDieR, ya namna ya kueleza tiba kwenye makala, ina vipengele 12 vya kukusaidia. Zoezi lisiloelezeka halirithiki.

Kutoa namba

Tengeneza jedwali, safu moja kwa kila utafiti. Nguzo: mwaka, nchi, idadi iliyoingia kura na iliyomaliza, umri, jinsia, mkono wenye nguvu au dhaifu, aina ya zoezi, wiki, kipimo, wastani na mkengeuko sanifu wa kila kundi kwa kila wakati wa kupima. Nguzo ya mwisho iache tupu kwa maoni yako, na uitumie.

Kosa linaloharibu majedwali mengi ni kuchanganya mkengeuko sanifu na kosa sanifu. Mkengeuko unaonesha watu wanavyotofautiana. Kosa sanifu ni mkengeuko uliogawiwa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, kwa hiyo daima ni dogo na linapendeza kwenye mchoro. Tuseme watu ni 9, tofauti ni kilo 3, na kijiti kwenye mchoro kinaonesha 2. Kama 2 ni mkengeuko, ukubwa wa athari, yaani tofauti gawia mkengeuko, ni 3 gawia 2, yaani 1.5, kubwa mno. Kama 2 ni kosa sanifu, mkengeuko ni 2 mara 3, yaani 6, na athari ni 0.5 tu. Maelezo ya chini ya mchoro yasome kwa miwani.

Kosa la pili ni kipimo cha "kiasi kilichohama". Mkono uliozoezwa umepanda 20, wa pili 8. Mmoja ataandika uhamisho ni asilimia 8, mwengine ataandika ni asilimia 40, yaani 8 kwa 20. Zote mbili zinatoka kwenye watu wale wale. Usiziweke nguzo moja.

Sasa tuufanyie kazi utafiti wenyewe. Jaribio linalogusa swali letu moja kwa moja ni la Magnus na wenzake, Kanada, 2013: wanawake 51 wenye zaidi ya miaka 50 waliovunjika rediasi karibu na kifundo. Ishirini na saba walizoeza mkono mzima nyumbani mara 3 kwa wiki kwa wiki 26, wakianza mara tu baada ya kuvunjika. 24 walipata matibabu ya kawaida. Plasta ilikaa siku 40 hivi. Nguvu ya kukamata ya mkono uliovunjika ilikuwa hivi:

Wiki ya 9: mazoezi kilo 12.5, kawaida 11.3.
Wiki ya 12: mazoezi 17.3, kawaida 11.8.
Wiki ya 26: mazoezi 23.0, kawaida 19.6.

Muhtasari unasema tofauti ya maana ilionekana wiki ya 12 tu. Msomaji wa haraka atatoka na "inafanya kazi". Mwengine, mwenye shaka, atatoka na "baada ya miezi 6 hakuna kitu". Wote wawili wamekosea, na hesabu ya dakika 5 inatosha kuonesha kwa nini.

Chukua wiki ya 12. Mikengeuko ni 7.4 na 5.8. Zidisha kila mmoja kwa wenyewe, ugawe kwa idadi ya kundi lake: 54.76 kwa 27 ni 2.03, 33.64 kwa 24 ni 1.40. Jumla 3.43, kipeuo chake cha pili 1.85. Zidisha kwa 2 upate 3.7. Tofauti ilikuwa kilo 5.5, basi masafa ya uhakika, yaani eneo ambamo tofauti ya kweli huenda imo, yanatoka kilo 1.8 hadi 9.2. Fanya vivyo hivyo kwa wiki ya 26, mikengeuko 7.6 na 5.5: tofauti kilo 3.4, masafa kutoka −0.3 hadi 7.1.

Itazame hiyo ya pili. Sifuri imeingizwa ndani kwa unyoya. Hakuna anayeweza kusema faida imetoweka mwezi wa 6; kinachoweza kusemwa ni kwamba utafiti ulikuwa mdogo mno kuijua. Na hapa tumetumia idadi ya walioingia kura. Waliopimwa mwisho wakiwa pungufu, masafa yanapanuka zaidi.

Kisha uliza kama kilo hizo zina maana kwa mgonjwa. Mapitio ya Bohannon ya 2019 yaliweka badiliko lenye maana la nguvu ya kukamata kati ya kilo 5.0 na 6.5. Yetu ya wiki ya 12, kilo 5.5, imo ndani, lakini ncha ya chini ya masafa, 1.8, haifiki. Na dodoso la mgonjwa kuhusu maumivu na kazi za mkono halikuonesha tofauti wakati wowote. Usiache jambo hilo likapita kimya kwa sababu limewekwa mwisho wa muhtasari.

Kimoja cha kuwapongeza waandishi: walipima mara 3, wakashusha kizingiti cha p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) kutoka 0.05 hadi 0.017, yaani 0.05 gawia 3. Anayepima mara nyingi na kubaki na 0.05 amejipa tiketi nyingi za bahati nasibu.

Kuziweka tafiti pamoja

Usihesabu kura, "nne zinasema ndiyo, mbili hapana". Tazama ukubwa na masafa. Kwa watu wa afya, uchambuzi unganishi (unaojumlisha namba za tafiti nyingi) wa Manca na wenzake wa 2017, tafiti 31 zenye watu 785, ulikuta upande usiozoezwa ukipanda asilimia 11.9 kwa wastani; 9.4 kwa mikono na 16.4 kwa miguu. Linganisha na ile 43 ya Yale. Kadiri watu wanavyoongezeka na makundi linganishi yanavyowekwa, namba hushuka kuelekea ukweli.

Kati ya watu wa afya na waliovunjika kuna kundi la tatu: watu wazima wa afya waliofungwa plasta makusudi. Andrushko na wenzake, 2018, waliwafunga kwa wiki 4. Waliozoeza mkono huru karibu walihifadhi nguvu zote, wasiozoeza walipoteza kama moja ya tano. Inavutia, ila walikuwa watu 16, na mfupa mzima hauumi wala hauvimbi. Daraja hizi tatu ziweke kwenye jedwali kwa mafungu tofauti. Kuzimimina chungu kimoja na kutoa wastani mmoja ni kupika pweza na maharage pamoja: kimoja kitaiva, kingine kitakuwa mpira.

Ubora wa ushahidi upime kwa ngazi nne za mfumo wa GRADE: juu, wastani, chini, chini sana. Majaribio ya kura huanzia juu, kisha unashusha. Kwa swali letu shusha ngazi moja kwa upana wa masafa, na moja nyengine kwa sababu watu waliochunguzwa si watu wako. Tunabaki na "chini". Hiyo si aibu. Sehemu kubwa ya fiziolojia ya mazoezi iko hapo, na afadhali iandikwe kuliko kufichwa.

Je, inavuka bahari?

Mchumaji wa karafuu si mwanamke wa Kanada wa miaka 63 aliyeanguka kwenye barafu. Wengi ni wanaume, wapo vijana, na wameanguka kutoka juu ya mkarafuu. Huenda kiwiko nacho kimeguswa, au mgongo, au mikono yote miwili, na hapo "mkono mzima" haupo. Wengine wamepitia kwa muunga mifupa kwanza na wamefika wiki ya 3. Nguvu yao ya kuanzia ni kubwa. Kila tofauti iandike na useme inavuta upande gani, hata kama ni kwa kukisia; msomaji ataona wazi kwamba ni makisio.

Vifaa navyo. Bila dainamomita, mkanda wa mashine ya presha uliokunjwa, ukapulizwa hadi 20 mmHg na mgonjwa akaubana, unatoa namba ya kufuatilia mtu mmoja baada ya wiki na wiki. Geji huishia 300, basi mchumaji mwenye kiganja cha chuma atagonga mwisho kwa mkono wake mzima. Na usigeuze mmHg kuwa kilo ili kujilinganisha na makala. Mwenye dainamomita amkalishe mgonjwa kiwiko kikiwa digrii 90, mshiko kwenye nafasi ya pili, mara 3, achukue wastani.

Mapitio ya makala zilizochapishwa hayahitaji kibali cha maadili. Siku utakayoanza kukusanya namba za wagonjwa wako ili uzichapishe, mambo yanabadilika: andika pendekezo na upeleke kwa Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, kabla ya kumpima mtu wa kwanza.

Kuandika

Ya kuchapishwa ifuate PRISMA 2020, mwongozo wa kuripoti mapitio wenye vipengele 27, pamoja na mchoro wa kuonesha makala ngapi zilipatikana, ngapi zilikataliwa na kwa nini. Ya wodi iwe ukurasa mmoja. Anza na jibu, kisha ngazi ya ushahidi, kisha namba, kisha nani asiguswe. Kwa mfano:

"Mgonjwa aliyevunjika kifundo cha mkono mmoja anaweza kupewa zoezi la kukamata kwa mkono mzima, mara 3 kwa wiki, tangu wiki ya kwanza, juu ya matibabu ya kawaida. Jaribio moja lilionesha nyongeza ya kilo 5.5 kwenye wiki ya 12 (masafa 1.8 hadi 9.2), kwenye wiki ya 26 haijulikani. Ushahidi: chini. Asisimamishe zoezi la vidole vya mkono uliofungwa. Asipewe mwenye jeraha mkono wa pili, au ambaye kukaza kunamletea maumivu ndani ya plasta."

Neno "anaweza kupewa" limechaguliwa. Kwa ushahidi wa chini usiandike "lazima". Na mgonjwa mwenyewe aelezwe kwa lugha ya nyumbani: "Ami, huu mkono mzima ukifanya kazi, kichwa hakiusahau ule mwengine." Asipoelewa sababu hatafanya zoezi nyumbani, na huko nyumbani ndiko zoezi lote lilipo.

Mwisho, kwenye akaunti ya bure ya PubMed hifadhi ule utafutaji wa mistari mitatu na uombe taarifa kwa barua pepe kila mwezi. Jaribio jipya la kura kwa waliovunjika likitoka, fungua tena jedwali, ongeza safu, rudia hesabu ya masafa, na ubadilishe tarehe juu ya ukurasa wa wodi.